Mokeira Aliacha Jogoo Madhabahuni

Mokeira hakuwa mwanamke wa kuficha neno. Ukimkosea sokoni, utaambiwa hapo hapo, na mama yako mzazi ataguswa kidogo. Lakini kuna neno moja lilimkwama kooni kama mfupa wa samaki, na jamani, lilikuwa neno la majani chai tu!

Yeye na mumewe walitoka Kisii wakanunua kashamba ka chai karibu na Kabianga. Jirani wa kwanza kuvuka ua kuwasalimia alikuwa Sally, mwenyeji wa pale, amebeba kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kugandishwa. Ni Sally aliyemfundisha Kipsigis, na ni Sally aliyemshika mkono siku ya kumzaa Valary. Wakawa na mtindo wao wa kazi: leo wanachuma chai kwa huyu, kesho kwa yule, vikapu mgongoni, midomo haifungwi. Waume zao waliwacheka, wakasema hawa hata Mungu akiwaita atawaita pamoja.

Sasa sikia kilichotokea. Siku moja ilikuwa zamu ya shamba la Sally, na mvua ilikuwa inapanda kutoka upande wa Soin. Mokeira alitaka kufika nyumbani kabla haijanyesha. Basi badala ya kuchuma majani mawili na chipukizi, kama kila mtu ajuavyo, alikamata kila kitu: majani makuukuu, vijiti, mpaka matawi. Akayashindilia chini ya kikapu, akafunika na majani laini juu, akamwaga yote kwenye gunia la Sally. Alijiambia karani wa kupima chai hatafika chini.

Karani alifika chini. Kijana anaitwa Zack, macho makali na mdomo mkali zaidi. Alimwaga gunia lote la Sally kwenye meza ya kuchambulia, pale kituoni tunapouzia majani, watu wamejaa. Akainua tawi juu watu waone. "Mama," akasema, "hii umeleta ni chai ama ni kuni?"

Watu walicheka wakashika mbavu. Sally alitazama lile tawi, kisha akamtazama Mokeira. Na Mokeira, yule wa kuambia watu ukweli sokoni, aliinama akajifanya anafunga kamba ya kikapu! Sally akakusanya majani yake yaliyokataliwa, akayabeba kurudi nayo mlimani, peke yake.

Tangu siku hiyo akaitwa Mama Kuni. Kituoni Mama Kuni, sokoni Mama Kuni. Alikuwa akifundisha watoto kanisani kila Jumapili, na Jumapili moja mtoto wa watu akamwita hivyo usoni. Sally akafunga Biblia yake, akaenda nyumbani, na kanisani hakurudi tena. Hakugombana na Mokeira. Aliacha tu kuvuka ua. Mokeira akawa anachuma peke yake, na shamba lilikuwa kimya mpaka akawa anaongea na miti.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Kila mtu alileta sadaka yake: ndizi, maboga, debe la mahindi. Mokeira alileta jogoo mwekundu, mnene, wa kumpendeza Mungu na wanadamu. Pasta Robert akahubiri maneno ya Yesu, kwamba ukifika madhabahuni na zawadi yako, ukakumbuka kuna ndugu ana neno juu yako, iache zawadi hapo, nenda kwanza mkapatane. "Hakusema umtumie salamu," Pasta akasema. "Alisema uende."

Mokeira aliyasikia maneno hayo kama mtu aliyeitwa jina. Akainuka, akapita katikati ya kanisa na jogoo wake, akamweka chini, miguu imefungwa. "Pasta, nakuachia hapa. Kuna mtu nimemkosea." Akatoka.

Mzee Kipkosgei, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga mnada wa sadaka, alimnyemelea yule jogoo. "Mguse uone!" Pasta akamwambia. "Huyo bado hajatolewa." Kanisa zima likacheka, lakini Mokeira hakusikia. Alikuwa barabarani, karibu anakimbia.

Alimkuta Sally mlangoni pa jikoni anachambua maharagwe. Alikuwa ameandaa maneno mengi njiani, yote yakamponyoka. "Zile kuni zilikuwa zangu," akasema.

"Najua," Sally akasema, mikono haikusimama. "Nilijua siku ile ile. Shamba langu tulichuma wawili, na mimi sikuchuma matawi."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja wewe useme."

Hapo Mokeira alipiga magoti kwenye vumbi na nguo yake ya kanisani. Akaomba msamaha kwa Kiswahili, akaomba kwa Kipsigis. Sally akamwinua, akampa kiti.

"Nimekusamehe, Mama Valary. Siwezi kukaa na hasira, inaniumiza tumbo. Lakini jina langu halikupotea hapa jikoni. Lilipotea kule kwa mizani, watu wakiona."

Mokeira alielewa. Akaogopa kweli kweli. Alijua watakavyosema, kwamba watu wa kuja ndivyo walivyo, unawapa mkono wanakuuma. Alikuwa ameishi hapo miaka akijenga jina lake, na sasa alipaswa kulibomoa mwenyewe ili la Sally lisimame. Lakini jogoo alikuwa madhabahuni, na Mokeira si mtu wa kumdanganya Mungu mara mbili.

Kesho yake, kituo kilipojaa watu, alipanda kwenye ngazi ya mizani. Sally alikuwa mwisho wa foleni, kama alivyozoea siku hizo. "Watu wangu, nisikieni!" Mokeira akapaza sauti. "Zile kuni mlizocheka hazikuwa za Sally. Ni mimi nilichuma, ni mimi nilificha, na ni mimi nilinyamaza alipoaibishwa. Yeye alijua na hakunitaja hata kwa mtu mmoja. Mkitaka Mama Kuni, ni mimi huyu."

Kisha sauti ikatoka nyuma ya magunia: "Si tulisema? Watu wa kuja ni hivyo tu."

Sally akatua kikapu chake chini, pu! Akapita foleni yote mpaka mbele. "Nani amesema hivyo? Ajitokeze!" Akamwonyesha Mokeira kwa kidole. "Huyu amesimama mbele yenu peke yake, amesema kosa lake. Wewe umejificha nyuma ya gunia. Sasa niambieni, kati ya hawa wawili, ni nani mimi nitamwita mtu wa kwetu?"

Ndipo Mzee Kipkosgei akakohoa, akavua kofia. "Basi na mimi niseme. Majani yangu huwa nayanyunyizia maji kidogo. Yaongeze uzito."

"Kidogo?" Zack akaruka. "Mzee, juzi yalikuwa yanachuruzika!" Kituo kikalipuka kwa kicheko, na safari hii hakikumwacha mtu nje. Zack mwenyewe akamgeukia Sally, uso umeshuka. "Mwalimu, nisamehe. Kazi yangu ni kupima chai, si kuita watu majina."

Sally akaitikia kwa kichwa, kisha akamnyooshea Mokeira mkono. "Shuka sasa. Umemaliza."

"Na wewe, umemaliza?"

"Mimi nilimaliza zamani," Sally akasema. "Nilikuwa tu nakukosa."

Mokeira akashuka akilia waziwazi mbele ya kituo kizima, na kina mama wakapiga vigelegele vikavuka bonde. Jumapili iliyofuata wakaingia kanisani pamoja, na Mokeira akamtoa jogoo wake.