Ngurumo na Jenereta Lake

Mume wangu watu walimwita Ngurumo kwa sababu ya jenereta la mnara wa simu kule mlimani. Yeye ndiye aliyeliwasha na kulijaza dizeli, na mimi nilikuwa kama mke mdogo. Khanga zangu zilipotea moja moja, nikazikuta huko anafutia oili.

Kisha kampuni ikaleta paneli za sola, pangaboi la upepo na kabati zima la betri. Fundi aliyekuja kuvifunga ni mdogo wangu wa kiume.

"Sasa pumzika, shemeji," alimwambia. "Jua na upepo vitajaza betri. Jenereta ni akiba tu, siku vyote viwili vikigoma."

Akiba! Neno hilo lilimchoma Ngurumo kuliko tusi. Watu wakaanza kumwita mdogo wangu Injinia, wanamsalimia yeye kwanza, tena hapa hapa mlangoni petu. Nikipika vizuri mdogo wangu akija, mume wangu ananiuliza, "Kwani leo kuna nini?" Wivu mtupu.

Basi akajitafutia dawa. Kila asubuhi, jua likichomoza, aliwasha jenereta kwa mkono ili kijiji kisikie kwamba bado lipo. Betri zikishajaa kwa dizeli, jua la mchana lilikosa pa kuweka umeme wake.

"Unaona?" aliniambia akicheka. "Paneli za shemeji zinaota jua kama mijusi."

Nilimwambia aache utoto, akaninunia.

Zikaja siku za mawingu mazito, na upepo ukafa kabisa. Ngurumo alivaa ovaroli safi, akapanda mlima akipiga mluzi, maana zamu yake imefika. Kwa furaha hata tangi hakulipima. Jenereta likakohoa, likazimika. Dizeli yote ilikuwa imeishia kwenye kelele zake za asubuhi. Betri nazo zikaisha, na simu za kijiji kizima zikafa.

Mdogo wangu alikuja na madumu ya dizeli nyuma ya pikipiki. Nilikuwepo. Alichovya kijiti tangini, kikatoka kikavu. Akakitazama, akamtazama shemeji yake. Nikajua ataripoti kampuni, na kazi ya mume wangu ndiyo imekwisha. Lakini mdogo wangu alimimina dizeli tu, akapangusa mikono.

"Washa wewe, shemeji," alisema taratibu. "Wewe ndiye unayelijua."

Simu zikarudi. Ngurumo aliporudi nyumbani, alikaa kitandani na viatu vyake.

"Si angenitukana tu," aliniambia. "Huyu mdogo wako, hata kwa wema lazima anizidi?"