Mwaka Tulipojaa

Mzee Kudo hakuwahi kuniuliza kama nafasi ipo. Kwa miaka kumi na moja alinipigia simu kila Novemba, matufaha yake yakishavunwa, na swali lake lilikuwa lile lile: "Mama Tomoe, mmejaa?"

"Kwako wewe hapajai, Mzee," nilimjibu, na jibu hilo nilijivunia. Hoteli kubwa za Tokyo zina lifti na bafu za marumaru. Mimi nina nyumba ya wageni ya vyumba sita hapa Ueno, hatua chache kutoka kituo kinachoshusha watu wa kaskazini, na sijawahi kumfukuza mtu anayenijua.

Alikuwa mkulima kutoka Aomori, kule kaskazini, amefiwa na mke, mikono mikubwa, maneno machache. Alikuja kumwona mwanawe Yoshiro, aliyeoa na kuhamia Kawasaki, mwendo wa saa nzima kwa treni na basi. Asubuhi anaondoka na mfuko wa matufaha, jioni amerudi kwangu. Siku tatu, kisha anarudi kwao.

Nilimtania. "Mzee, hivi nyumba ya mwanao haina sakafu?"

"Sakafu ipo."

"Basi mkwe ndiye mwenye kisirani?"

"Wee! Mihoko? Hana neno yule." Akacheka, akakuna kisogo. "Wanafanya kazi wote wawili, nyumba yenyewe ndogo. Nikawe mzigo wa nini?"

"Wamekwambia ni mzigo?"

"Wananiambia nilale. Sasa ulitaka waseme nini?"

Nilimwelewa, maana hata mimi ningekataa hivyo hivyo. Ukishakataa kwa adabu, huwezi kugeuka ukakubali bila sababu.

Mwaka mmoja nilimkuta akipanga begi, nikaona pajama mpya za buluu, bado ziko ndani ya nailoni. Mwaka uliofuata, zile zile, na nailoni yake.

"Mbona huvai?"

"Hapa kwako kuna kanzu za wageni," alisema. "Hizi zina siku yake."

Sikuuliza siku gani. Mimi ambaye huuliza kila kitu!

Mwaka wa tisa tulijaa kweli. Walimu wastaafu walichukua nyumba nzima. Simu ikalia.

"Mama Tomoe, mmejaa?"

Nikasita. Akasikia kule kusita, sauti yake ikachangamka ajabu. "Mmejaa, eh? Usihangaike kabisa! Nitampigia Yoshiro, nimwambie Ueno kumejaa, sina pa kulala. Wala hakuna shida!"

"Thubutu! Miaka yote hii, leo nikutupe nje? Utalala chumbani kwangu, mimi nitajibanza ofisini."

Nilidhani simu imekatika.

"Umenitendea wema mno," alisema mwishowe. "Basi nakuja."

Siku tatu nililala sakafuni, kati ya kabati la mafaili na mashine ya faksi, mgongo unauma, moyo umejaa kiburi. Majirani wote niliwasimulia.

Februari hii Mihoko alikuja peke yake, amevaa nguo nyeusi, amebeba sanduku la matufaha. Sikuwahi kumwona, lakini nilimtambua kabla hajataja jina. Mzee Kudo alianguka mlangoni kwake kule Aomori akiondoa theluji, hakuamka tena.

"Haya ndiyo ya mwisho aliyovuna," alisema. Nikammiminia chai, hakuigusa. "Begini mwake tumekuta pajama mpya. Mama, kila Novemba nilimwanikia godoro juani. Kila mwaka anasema ameshaahidi huku, ni aibu kuvunja ahadi. Mume wangu akasema tusimlazimishe, labda anapenda uhuru wake. Basi tukawa tunasubiri mwaka ambao ninyi mngejaa." Akainua macho. "Hamkuwahi kujaa?"

Ningeweza kusema hatukuwahi. Neno moja tu la uongo, "tumejaa", Mzee aliniomba miaka yote ile, nikamnyima, na mwaka ambao lingekuwa kweli nikamnyima vilevile. Najuta. Kila simu ikilia Novemba nitajuta.

"Mara moja," nilisema, nikamweleza habari ya chumba changu na sakafu ya ofisi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka mikono mkekani, akaniinamia mpaka paji la uso likaugusa mkeka, akanishukuru kwa kumtunza baba mkwe wake vizuri namna ile.