Mlango Unaolala Siku ya Pasaka

Kitendawili! Itika basi, wewe uliyeshika gazeti, usiwaonee haya watu wa pembeni. Haya: mwaka mzima nasimama, siku moja nalala, na nikilala ndipo watu wanakula. Ni nini?

Ukishindwa, njoo alfajiri ya Pasaka kwenye nyumba moja ya kupanga, vyumba vya mwisho katika safu, pale kamba za kuanikia nguo zilipovuka ua kutoka ukuta hadi ukuta. Saa kumi na moja, mama mmoja mwembamba, kilemba kichwani, anagonga pini za bawaba kwa kitako cha pasi ya mkaa. Pini ya juu inatoka. Ya chini inatoka. Mlango wa chumba cha kulala unayumba kama mlevi.

"Jamani, nishikieni!" anaita.

Kinyozi wa chumba cha jirani anafika mbio, povu la dawa ya meno bado liko mdomoni. Anaudaka mlango kabla haujamlalia bibi wa watu.

"Huu mlango umenenepa mwaka huu," mama anasema, akihema.

"Mlango ni ule ule, Bi Pasi. Anayepungua ni mwingine."

"Wewe nyoa vichwa, mwanangu. Vilivyomo ndani ya vichwa tuachie wenyewe."

Wanacheka, lakini Bi Pasi anabaki akijisugua kiwiko. Tangu awe mjane ameutoa mlango huo peke yake kila Pasaka, na leo ni mara ya kwanza kuita mtu.

Ndilo jibu la kitendawili hicho. Mlango unalazwa juu ya mapipa mawili ya kufulia, unatandikwa shuka nyeupe, unakuwa meza. Mchana watu watauzunguka bega kwa bega.

Bi Pasi ni dobi. Jina hilo la utani limemganda hata wateja wengine hawajui kama ana jingine. Anafua, anatia wanga, anapiga pasi nguo za watu, na mikono yake ina makovu madogo ya cheche, kama madoa ya kanga.

"Ukitaka kujua bei ya sikukuu, usiniulize hela, niulize mashati," anasema. "Kuku mmoja ni mashati ishirini. Unga na mayai, mashuka sita ya gesti. Na mgongo huu hauna bei, huo natoa sadaka."

Kazi aliirithi kwa mama yake, na mapambo pia. Shuka la mteja likichanika kabisa na mwenyewe akasema litupwe, mama huyo alikuwa akilikata vipande, akavichovya kwenye maji mazito ya wali, akavikunja petali kwa petali. Vikikauka vinakuwa maua magumu yanayokwaruza ukiyagusa.

"Sisi watoto tulilala njaa siku nyingine, sikufichi," Bi Pasi anakumbuka. "Lakini Pasaka nyumba yetu ilichanua. Mama alisema, tumbo husahau, macho hayasahau."

Leo maua yake yananing'inia kwenye kamba ileile ya nguo, ameivuta ikapita sebuleni. Mengine meupe, mengine ameyapaka manjano ya jikoni. Mayai ameyachemsha na maganda ya vitunguu mpaka yakawa na rangi ya shaba. Ua kubwa kuliko yote analichomeka kwenye tundu la kitasa, katikati ya wali na mchuzi. Wajukuu hugombea kukaa karibu na tundu hilo, maana ukiinama chini ya meza unaona miguu ya wakubwa inavyopigana mateke.

Na mlango wenyewe? Hapo Bi Pasi anaweka pasi chini, anakaa.

Walipohamia hapa, yeye na mumewe seremala, chumba cha kulala kilikuwa na pazia tu. Mume akaokota mbao za mabaki kazini, kidogo kidogo, akaunda mlango mmoja mpana, usio na nakshi. Pasaka ikafika. Hawakuwa na meza. Wageni wakala sahani zikiwa magotini, na shemeji mmoja akamwaga supu kitandani.

"Mume wangu akasimama. Akang'oa mlango. Akaulaza hapa, akasema, 'Leo nyumba hii haina siri, kuleni.' Nilimwambia, wewe mwanamume, watu wataona kitanda chetu! Akasema, 'Si kimetandikwa na dobi? Acha waone.'"

Anacheka mpaka anafuta machozi kwa ncha ya kilemba. Upande mmoja wa mlango una duara jeusi, mahali alipotua sufuria ya moto mwaka huo. Kila Pasaka sufuria ya kuku hukaa juu ya duara hilo hilo.

Mkate anauoka ndani ya sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko; makaa yakizeeka, yanahamia kwenye pasi. Kuku anachemka na viazi na karoti. Harufu inatoka uani, inapita mlango kwa mlango, na majirani wanakuja kuulizia chumvi ambayo wanayo.

Saa sita, baada ya ibada, gari dogo linasimama nje. Anashuka binti yake wa pekee, muuguzi, pamoja na mumewe ambaye ni fundi wa magari, na watoto wao. Wanaishi safari ya siku nzima kutoka hapa, usiku wamelala njiani. Mwaka jana walimaliza kujenga nyumba yao wenyewe, na humo kuna chumba kimoja kitupu, chenye dirisha la kutazama mashariki.

Chumba hicho ndicho swali. Pasaka iliyopita, binti alimshika mama yake mkono akauliza, "Mama, utakuja kukaa na sisi?" Bi Pasi akasema, "Mchuzi unapoa." Tangu hapo binti ameuliza kwa simu kila wiki, naye amejibiwa mvua, bei ya mkaa, na afya ya paka wa jirani.

"Si kwamba simpendi mwanangu," Bi Pasi anasema taratibu, binti akiwa nje. "Ila mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi siogopi jembe. Naogopa wasije wakaninyima."

Mezani, kinyozi naye amekaa, chumba cha kulala kiko wazi mbele ya macho ya wote.

"Hilo shuka lina wanga kiasi gani?" anauliza. "Mtu akigeuka usiku si atakatika shingo?"

"Ndiyo maana wewe hujaoa. Unaogopa mashuka."

Mjukuu mdogo wa kike anadai kitendawili. Bibi hajivungi. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Aliingia majini amevaa nyeupe, akatoka amevaa dhahabu."

Mtoto anawaza, anakuna kichwa, anashindwa. Basi, kama ilivyo ada, hana budi kumpa bibi mji, na mji usipompendeza bibi, jibu halitoki.

"Nakupa shule yetu."

"Siutaki huo, una hesabu nyingi."

"Nakupa duka la peremende!"

"Hapo sasa. Nilifika dukani, nikapokewa, nikala peremende mpaka meno yangu yote mawili yakauma. Jibu ni yai lililo mkononi mwako, mjukuu wangu."

Vicheko vinapanda. Katikati ya vicheko Bi Pasi anamgeukia mkwewe, kama anayeuliza habari za hali ya hewa.

"Hivi jiko lenu hilo jipya, meza ndefu inaenea?"

"Mama, wewe jiko la nini tena?" mkwe anasema kwa furaha ya kweli. "Tumeshapata dada wa kupika na kufua. Ukija kwetu hutagusa hata mwiko. Ni kukaa, kula, kulala."

Bi Pasi anaitikia kwa kichwa, anaanza kukusanya maganda ya mayai, moja moja.

"Kaka," kinyozi anamnong'oneza mkwe, lakini meza nzima inasikia, "anayekaa bila kugusa kitu, maua yakamzunguka, si tunamwitaga marehemu?"

Hakuna anayecheka. Binti anamtazama mama yake. Anatazama mikono ile yenye makovu ikifuta makombo juu ya duara jeusi. Kisha anaweka kijiko chini.

"Mama. Mwaka mzima umenitegea kitendawili. Nimeshindwa. Nakupa mji."

Bi Pasi hainui macho. "Mji gani?"

"Nakupa chumba chenye dirisha."

"Siutaki huo. Jua litanichoma macho asubuhi."

"Nakupa sebule, na kiti chake cha kuegemea."

"Siutaki. Nitasinzia nidhaniwe nimekufa."

Mkwe anataka kusema neno, mkewe anamkanyaga chini ya meza. Mtoto aliye kwenye tundu la kitasa anaona, anacheka peke yake. Binti anavuta pumzi.

"Basi nakupa jiko, mama. Lote. Mwiko wake, sufuria zake, funguo zake. Na uani nakufungia kamba mbili za nguo. Na Pasaka ijayo sisi ndio tutakuwa wageni, mwenyeji ni wewe."

Nje, makaa ya mwisho yanapasuka ndani ya pasi. Bi Pasi anapitisha kiganja juu ya mbao, taratibu, kama anayenyoosha kola ya shati la mtu anayeondoka.

"Kuta hizi ni za mwenye nyumba," anasema. "Bawaba ni zangu."

"Mama, jibu!"

"Ngoja, mtoto wewe, mji haupokelewi mbio." Anajiweka sawa kilemba. "Haya. Nilifika jikoni kwako, nikakaribishwa, nikapewa mwiko, nikachochea moto. Wageni wakaja mpaka meza ikawa haitoshi. Jibu lako ni hili: nitakuja. Ila mwambie mumeo alete bisibisi, maana siji bila mlango wangu."