Mpaka Kabati Lipoe

Kila jioni Demetria, mfagiaji wa shirika la umma, humtazama mwendesha kompyuta akizima mitambo: kwanza ya kuchapa, kisha mitambo ya kanda mmoja mmoja, halafu kompyuta yenyewe. Kipoza hewa huwa cha mwisho. Mwendesha kompyuta huketi, macho mazito, kiganja juu ya kabati la chuma la kompyuta, mpaka lipoe. Kazi hiyo hamwachii mtu.

Jana jirani wa mwendesha kompyuta alifika kutoka Kinondoni, anahema.

“Ndugu, zima vyote twende! Mwanao anaungua homa.”

Mwendesha kompyuta alizima kwa mpango uleule. Kabati bado lilikuwa la moto. Akamsogezea Demetria kiti chake.

“Likipoa, mama, zima kipoza.”

“Mie nitajuaje?”

“Si umelea watoto?” alijibu, keshafika mlangoni.

Demetria akaketi, akaweka kiganja.