Chungu cha Mwalimu Evelina

Evelina alikuwa mwalimu wa watoto wa Jumapili kanisani kwetu Hombolo, na mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, maduka ya Dodoma mjini yamejaa hata picha za Biblia za rangi, ila sisi tulikuwa watu wa kuzitazama tu. Basi akafundisha kwa vitu vya nyumbani. Kombeo la kufukuzia ndege shambani likawa la Daudi, na watoto walimwelewa kuliko walivyomwelewa mchungaji.

Mwaka wa njaa akafundisha habari za mjane wa Sarepta, aliyempikia nabii Eliya unga wake wa mwisho, na unga usiishe. Akaleta chungu chenye unga kidogo. Anachota, anafunika kwa kanga, anafunua, unga upo. Kumbe ndani ya pindo la kanga mlikuwa na kifuko, anaongezea humo kwa vidole. Kifuko nilikishona mimi, na nilikishona vizuri.

Wiki hiyo Yudith, binti wa Dorothea, alibaki nyumbani peke yake, mama yake yuko kwenye vibarua vya zabibu. Akapita mchuuzi wa mitumba, Mzee Halfani wa Kondoa, akaomba maji. Mtoto akatazama kibuyu cha mbegu za uwele, kile ambacho Mgogo hakifungui mpaka mvua inyeshe, hata kama analala njaa. Akabandua samadi iliyoziba mdomo, akasaga zote, akampikia mgeni kwanza. Mzee wa watu akala, akaomba dua, akaenda zake, hajui amekula nini.

Dorothea akaja kwa Evelina na kibuyu kitupu, mtoto nyuma yake.

"Mama Yudith, mbegu nitakupa zangu," Evelina akasema.

"Mbegu naweza kuomba kwa kaka yangu kule Kongwa. Huyu hapa ndiye ananizuia. Kila asubuhi anachungulia kibuyu. Ananiambia, mama subiri, ukienda kuomba utaharibu. Na mawingu hayo yanakuja. Mwambie wewe, mwalimu. Mimi nyumbani kwangu nimeshakuwa mpagani."

Evelina akaleta chungu na kanga, akafungua pindo, akatoa kifuko.

"Nilikuwa naongeza mimi, Yudith."

Mtoto akakipokea, akakipindua nje ndani.

"Na kwa Eliya alikuwa anaongeza nani?"

"Mungu."

"Ulimwona, mwalimu?"

"We Yudith, huyo ni mwalimu wako," Dorothea akasema, lakini na yeye alikuwa anasubiri jibu.

Evelina akaingia ndani, akatoka na kibuyu chake, akabandua samadi, akamimina nusu ya mbegu zake katika kile cha Dorothea. Yudith hakuziangalia. Alikuwa anakagua mikono ya mwalimu wake, kuanzia viwiko mpaka vidole.