Trela Iliyochorwa kwa Chaki

Marehemu mama yangu alikuwa mkata nyasi wa Kileleshwa. Nikisema hivyo mbele ya vijana wa siku hizi hunitazama kama mtu anayewapiga chenga, maana Kileleshwa wanayoijua wao ni ghorofa baada ya ghorofa, na nyasi zake ni zile za kwenye chungu cha maua langoni. Lakini mimi nimeona nyasi za kufika kiunoni pale ambapo leo pana duka la dawa na maegesho ya magari. Nimeketi humo nikitafuna mahindi ya kuchoma huku trekta ikizunguka na harufu ya nyasi mbichi ikinipanda puani. Naikumbuka harufu ile kuliko ninavyozikumbuka sura za walimu wangu.

Mpango wa mama ulikuwa rahisi. Wenye viwanja walikuwa hawajajaliwa hela za kujenga, na hawakutaka kichaka cha kuficha wezi. Mama aliwakatia bure, akazichukua nyasi, akawauzia wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Dagoretti. Wenye viwanja walidhani wamempata mjinga wao, naye alidhani vivyo hivyo juu yao, kwa hiyo hapakuwa na ugomvi hata siku moja.

Kabla ya hapo alikuwa karani katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa la familia moja ya Kiislamu kutoka pwani. Ofisi ilipofungwa, wenzake wa kanisani, wengi wao watu wa magharibi mwa nchi kama sisi, walitarajia afungue kibanda cha mitumba. Yeye akanunua trekta ndogo kuukuu iliyotoka Japani, yenye kimo cha kunifika kifuani, na mashine ya kukatia nyasi inayofungwa nyuma yake. Akaiegesha uani kwetu, mtaa wa Jamhuri. Walimwombea Jumapili mbili mfululizo, na ya tatu wakaanza kuulizia bei ya nyasi.

Kisha viwanja vikaanza kuisha. Kila mwaka ukuta wa mabati ulizunguka kiwanja kimoja zaidi, na nyuma ya mabati kukasikika nyundo. Nyasi zikabaki huko mbali, Ngong na kwingineko, na trekta ile mwendo wake ulikuwa wa mtu anayetembea kwa haraka. Siku moja askari wa trafiki akamsimamisha penye makutano, magari yamejipanga nyuma yake yakipiga honi.

"Mama, hii kitu yako inachelewesha watu," akamwambia, kwa adabu kabisa. "Nikiiona tena kwa barabara, italala stesheni."

Mambo yakawa mawili tu. Ama tutengeneze trela ya kubebea trekta, ivutwe na pikapu yetu, ama aiuze arudi nyumbani magharibi akapumzike.

Mimi nilitaka arudi nyumbani. Goti lake moja lilikuwa limegoma kukunjika, na mara mbili nilikuwa nimesikia lori likifunga breki za ghafla nyuma ya trekta yake. Nilikuwa silali vizuri siku za kazi. Lakini kwetu mzazi haambiwi apumzike. Ukimwambia hivyo umemwambia kwamba amekwisha, na mama yangu angeninyamazia mwezi mzima. Kwa hiyo nilijitia kushabikia ile habari ya trela, hata nikamsindikiza kwa fundi.

Siku hiyo aliamka akaiosha trekta kwa sabuni ya nguo. Kisha akaifungua ile mashine ya nyuma akaiacha uani, kwa sababu ilikuwa imegandamana na nyasi zilizooza na yeye hangeweza kwenda mbele za watu hivyo. Mwenyewe alivaa kitambaa chake cha kanisani. Ungetuona ungedhani tunakwenda kuposa. Tulitoka alfajiri ili yule askari asitukute, yeye juu ya trekta na mimi nyuma kwa pikapu nikiwasha taa za tahadhari.

Fundi alikuwa na uwanja wake kando ya Ngong Road, chuma kila mahali na cheche zikiruka. Alikuwa mtu mzima mwenye tumbo la kuheshimika, miwani ya kuchomelea ameisukuma hadi kwenye paji la uso.

"Mathe, karibu. Hiyo ndio inataka kubebwa?"

Alituonyesha kwanza trela ya ekseli moja, yaani mhimili mmoja wa magurudumu, nyepesi, iliyokwisha kutengenezwa. Mama akaitikisa kwa mkono mmoja ikacheza.

"Hii ni ya kubeba kuku," akasema.

Akatuonyesha ya pili, ndefu, yenye njia mbili za chuma za kupitishia magurudumu na katikati wazi. Nikaipenda. Fundi mwenyewe akatikisa kichwa.

"Hiyo ni ya gari ndogo, siste. Trekta yenu miguu ya mbele imekaribiana. Itaingia hapo katikati ikwame, na sitaki mathe aanguke."

"Nataka inayobeba trekta na gari pia," mama akasema. "Mvua ikinyesha hakuna kukata nyasi. Siku hizo nitavuta magari ya watu yaliyozimika."

Hiyo ilikuwa habari mpya kwangu. Mimi nilikuwa namhesabia miezi, kumbe yeye anapanga biashara ya pili.

"Basi iwe ya ekseli mbili, sakafu yote mbao."

"Na breki."

"Breki ni ya wale wanaenda mbali, mathe."

"Mimi naenda mbali."

Fundi akacheka, akakubali. Kisha akafanya jambo ambalo nilikuwa sijaliona mahali pengine. Mafundi wa pale hawakuwa na habari na karatasi. Alichukua chaki, akapiga magoti, akaichora trela nzima sakafuni kwa ukubwa wake kamili: sakafu, mkono wa kuvutia, mahali pa mbao za kupandia. Akamwambia mama, "Ingiza kitu yako." Mama akaiendesha trekta taratibu hadi ndani ya mchoro, akazima, akashuka, akauzunguka akitazama kila upande asikanyage mistari. Nikamwona anatabasamu peke yake. Uso ule sikuwa nimeuona tangu mabati yalipozunguka kiwanja kikubwa kuliko vyote alivyokuwa akikata.

Fundi akabakiwa na kazi ya kuamua magurudumu ya trela yakae wapi. Alinieleza, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika futi: uzito ukae mbele ya ekseli kidogo. Ukikaa nyuma, trela itanyanyua matako ya pikapu, na barabarani itayumba mpaka iwatupe. Wakati huo mama alikuwa amekwenda kuchagua rangi, anabishana na mtu kuhusu kijani.

"Trekta iko tu hivi?" fundi akaniuliza. "Hakuna kitu hufungwa huko nyuma?"

Nikamtazama mama kwa mbali, goti lake limekazana, kitambaa cha kanisani kimeanza kushika vumbi. Nikasema, "Iko hivyo tu."

Sikusahau. Nataka hilo lieleweke. Nilijua kwamba mashine iko uani na kwamba bila hiyo trekta haina kazi. Nilijiambia trela itakuja fupi, mama atakasirika, fundi atataka muda na fedha za kuibomoa, na katikati ya usumbufu huo mama atachoka mwenyewe aseme basi. Nilijiona mwerevu. Fundi akapiga alama ya magurudumu kwa chaki pale nilipomdanganya apige.

Wiki mbili baadaye trela ilifika kwetu Jamhuri, kijani, inanukia rangi. Mama alikuwa amekwisha kuifunga mashine nyuma ya trekta. Niliifunga trela kwenye pikapu nikakaa kwenye usukani, nimekanyaga breki, huku yeye akianza kupanda kwa mbele kama ambavyo mtu yeyote angepanda. Nilikuwa nimejiandaa kusikia akilalamika kwamba haitoshi.

Nilichosikia ni pikapu ikinyanyuka. Nyuma yangu ilikwenda juu, magurudumu yakaachia ardhi, na kwenye kioo nikaona trela imeinama kwa mkia na trekta imeelekeza pua juu, mama ameukumbatia usukani. Nilipiga ukelele. Sijui nilisema nini. Mimi niliyekuwa nikiogopa malori ndiye niliyemfikisha pale.

Hakubabaika. Aliiacha trekta irudi chini inchi baada ya inchi, mguu kwenye breki, mpaka magurudumu yote manne yakawa uani. Pikapu ikashuka kwa kishindo. Nilishuka nikamkimbilia. Yeye alikuwa bado amekaa kitini, amezima injini, anaitazama ile trela.

"Yule fundi hakuuliza kama kuna kitu nyuma?"

"Aliuliza."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia hakuna."

Jirani aliyekuwa akianika nguo akajifanya hakusikia, akaingia ndani. Kisha mama akawasha trekta, akaigeuza pale uani kwa kwenda mbele na nyuma mara nne, akapanda trela kinyumenyume. Mashine ilitangulia, ikafika mbele, ikaning'inia juu ya mkono wa kuvutia. Injini ikabaki nyuma. Pikapu ikashuka kidogo tu, ikatulia. Uzito ulikuwa umekaa mahali pake.

Akashuka kwa lile goti lake, akishika hapa na pale, na mimi nikaogopa hata kumpa mkono.

"Ukitaka niache kazi," akasema, "uniambie mimi. Usimwambie fundi."

Nikalia, mtu mzima mwenye ajira. Nikamwambia naogopa. Nikamwambia kila nikisikia breki za lori moyo wangu huruka, na kwamba nataka aache, arudi nyumbani, akae.

Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Haya, nimesikia," akasema. "Sasa funga mnyororo."

Tuliivuta trela ile miaka minne. Ilibeba trekta, ikabeba pikipiki za watu, ikabeba gari la mchungaji wa kanisa letu lililozimika Dagoretti, naye mwenyewe akakataa kushuka, akapita Ngong Road ameketi huko juu akipungia watu mkono. Na kila asubuhi ya kazi, mimi ndiye niliyefunga minyororo ya kuishikilia trekta juu ya trela. Nikimaliza ya mwisho nilimwambia tena kwamba naogopa, naye kila mara, akipanda kwenye pikapu, akanijibu kwamba amesikia.