Mechi Usoni mwa Bi Riziki

Kwa miaka mitatu Augustine alihudhuria mechi kubwa ya mpira wa kikapu kati ya chuo cha uhandisi na chuo cha biashara, mechi ambayo wanafunzi wa vyuo hivyo viwili vya Doha huanza kutambiana wiki nzima kabla haijachezwa, na kwa miaka mitatu hakuona hata mpira mmoja ukiingia kikapuni. Hakuwa kipofu. Alikuwa mlinzi.

Sheria ya kazi yao ni hii: mlinzi wa ukumbini anasimama chini ya jukwaa, katikati ya watazamaji na uwanja, uso kwa watu, mgongo kwa mchezo. Ukigeuza shingo tu, supavaiza aliyekaa kule juu mlangoni anakuona, na redio ya kiunoni inakukoromea, "Uso kwa watu!" Mara ya pili ni barua ya onyo. Yaani uko hatua nne kutoka kwenye mstari, unasikia raba zinavyolia sakafuni, unasikia mpaka wachezaji wanavyohema, halafu unaambiwa umtazame mtu anayetafuna bisi. Hebu niambieni kama hayo si mateso.

Na mateso yenyewe yakamwangukia mtu aliyeupenda mchezo huo kupita kiasi. Kwao Mumias Augustine aliichezea shule yake ya sekondari, kwenye uwanja wa udongo wenye ubao upande mmoja. Alifika Doha mwaka 2011, akapewa kitanda katika chumba cha watu sita kule Industrial Area, na zamu yake ya kwanza kabisa ikawa kwenye ukumbi wa michezo wa vyuo. Jioni hiyo wenzake chumbani walimwona akitabasamu peke yake, wakadhani ameshapata mchumba.

Timu yake ikawa ya uhandisi, wale wa jezi za maruni. Mtu aliyemtia ushabiki huo alikuwa Khalfan, kijana mwembamba wa mwaka wa kwanza, namba tisa mgongoni, mpigaji wa mkono wa kushoto. Siku ya kwanza alipopita mlangoni alimwangalia Augustine, akaona bendera ya Kenya kwenye kamba ya kitambulisho, akasema, "Habari za kazi, kaka?" Augustine nusura aangushe redio. Kumbe bibi yake mzaa mama ni mtu wa Unguja, aliyehamia Muscat akiwa msichana na baadaye Doha kwa binti yake, na katika nyumba yao ya Al Wukair Kiswahili hakijawahi kutoka jikoni.

Bibi mwenyewe ndiye Bi Riziki. Kila mwaka alikuja kwenye mechi hiyo kubwa, akakaa safu ya tatu, kiti cha mwisho, na buibui lake na mkoba wenye kashata, mkabala kabisa na pale Augustine alipopangiwa kusimama, na kila mara walisalimiana kabla ya kipenga. Ndani ya dakika tano za mechi ya kwanza Augustine aligundua jambo. Uso wa yule bibi ulikuwa unasema. Khalfan akipata mpira, nyusi zinapanda. Akinyang'anywa, bibi anafumba jicho moja na kuuma midomo. Mpira ukiingia, mdomo unafunguka wote na mapaja yanapigwa makofi, na ikiwa ni ya pointi tatu, mikono yote miwili inakwenda juu. Refa akionea, anambenulia midomo mpaka unamwonea refa huruma.

Basi Augustine akawa anaitazama mechi humo. Mwaka wa tatu alikuwa hodari kiasi kwamba akirudi chumbani aliihadithia yote, nani kafunga, nani kachezewa rafu, na wenzake walimsikiliza mpaka chai ikapoa.

Ikafika 2015, na mambo yakaja kwa pamoja. Khalfan anamaliza chuo. Mkataba wa Augustine unaisha, na tiketi ya kurudi nyumbani imeshatoka, safari Jumapili. Mechi ni Ijumaa. Ratiba ikabandikwa, na yeye kapangwa zamu, ukumbini, palepale pa siku zote. Augustine aliisoma ile karatasi mara mbili. Angeondoka Doha na kurudi Mumias bila kumwona Khalfan akifunga hata mara moja kwa macho yake. Wengine watacheka, lakini mtu ana haki ya kupenda anachokipenda.

Katika kampuni yao unaweza kubadilishana siku ya mapumziko, mradi mwenzako atie sahihi. Aliwauliza saba. Mmoja ana nguo za kufua, mwingine amechoka, mwingine alicheka tu. Wa nane alikuwa Scovia, Mganda, mlinzi wa maktaba, na huyo Augustine alimwogopa kumwuliza, kwa sababu Doha hata Wakristo husali Ijumaa, na Ijumaa ya Scovia ni ya kanisa. Kila wiki anapanda basi kwenda Mesaimeer kuimba kwaya, na hajakosa tangu afike.

"Scovia, sitaki kukusumbua."

"Umeshanisumbua. Sema."

Akasema. Scovia akaweka mikono kiunoni. "Banange! Wewe miaka yote unatuhadithia mechi, kumbe hujawahi kuiona? Ulikuwa unatudanganya?"

"Sikudanganya. Nilikuwa naiona usoni mwa bibi mmoja."

Scovia akaichukua kalamu mfukoni mwa Augustine, akatia sahihi. Ni siku mbili baadaye ndipo mtu mwingine alipomwambia Augustine kwamba Ijumaa hiyo Scovia alikuwa amepewa ubeti wa kuimba peke yake, mara ya kwanza katika miaka minne. Alimkimbilia kituo cha basi la kampuni.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekubali nitie sahihi? Nenda huko. Mungu anajua nitakuwa wapi."

Ijumaa saa kumi jioni Augustine aliingia ukumbini kama mtazamaji yeyote, amevaa fulana ya maruni iliyopigwa pasi mara mbili. Scovia alikuwa ameshasimama pale pake, mgongo kwa uwanja, kofia imenyooka. Hawakusalimiana, maana supavaiza yuko juu. Augustine alipanda moja kwa moja hadi safu ya tatu.

Bi Riziki alikuwapo. Amevaa miwani nyeusi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Aligeuza kichwa taratibu. "Sauti hii naijua. Wewe si yule askari wetu? Mbona leo watokea ubavuni?"

"Leo sina zamu, bibi. Nimekuja kutazama."

"Alhamdulillahi! Basi kaa hapa, kaa." Alipapasa kiti kilichokuwa wazi. Ndipo Augustine alipoelewa ile miwani. Presha ya macho, bibi akamweleza, bila kulalamika, kama anayemweleza bei ya samaki. Madaktari wamehangaika tangu kiangazi, wamemwachia mwanga na vivuli. Dereva amemfikisha mpaka kitini na kurudi garini. "Binti yangu kanambia nibaki nyumbani. Nikamwambia mjukuu wangu leo anaaga, nibaki nyumbani nifanye nini? Nimekuja hata nisikie. Sasa Mungu kakuleta wewe. Nitazamie, mwanangu. Nambie."

Nitawaambia ukweli kuhusu Augustine, maana ni mtu mzuri na ukweli hautamdhuru: alikasirika. Si kwa bibi, kwa bahati yake. Jioni moja tu katika maisha, na hiyo nayo ina kazi ndani yake. Akasema tu, "Haya, bibi," kipenga kikalia.

Na hapo aibu ikamkuta. Mpira ulirushwa, ukumbi ukapiga kelele, na shingo ya Augustine, yenyewe, bila ruhusa yake, ikageuka kutazama watu. Akakagua safu ya nne, ya tano, ngazi, mlango wa dharura. Alipozinduka wachezaji wa maruni walikuwa wanarudi wanapigana viganja.

"Kafunga nani?" Bi Riziki akauliza.

"Sijui, bibi."

"Hujui?"

"Nilikuwa natazama watu."

Bibi alicheka mpaka akaushika mkoba usianguke. "Masikini mwanangu! Wamekuharibu shingo. Waliofunga si watu, ni hao walio mbele yako. Tazama huko!" Kumbe aliyefunga alikuwa Khalfan. Kikapu cha kwanza cha Khalfan ambacho angekiona, na alikuwa akikagua mlango wa dharura.

Akajishika mashavu kwa mikono miwili kuizuia shingo, akaanza kutangaza. Alianza vibaya. "Amepata. Amepoteza. Wamechukua wale. Wamefunga."

"Wee! Watangaza mechi au waita majina darasani? Kavaa nini, kasimama wapi, kakunja uso? Mie mjukuu wangu namtaka mzima."

Basi akajifunza. Akasema jinsi Khalfan anavyodunda mpira chini sana, karibu na goti. Akasema anavyopitisha ulimi kwenye mdomo wa chini kabla ya kupiga. "Hivyo hivyo babu yake!" bibi akasema. Akasema jasho, akasema kamba ya kiatu iliyofunguka, akasema mkono ule wa kushoto unavyobaki juu baada ya mpira kuondoka. Na kwa sababu ilimbidi aseme kila kitu, ilimbidi akione kila kitu. Ile hasira iliondoka bila yeye kuona imepita wapi.

Wakati wa mapumziko maruni walikuwa nyuma kwa pointi sita. Bi Riziki alifungua mkoba, akampa kashata.

"Bibi," Augustine akasema, "nikuambie kitu, usinicheke. Miaka hii yote nilikuwa natazama mechi usoni mwako."

"Najua."

"Unajua?"

"Mwanangu, mie mpira huu nilikuwa naujua? Mwaka ule wa kwanza nilikaa kimya nimejikunyata. Nikakuona umesimama, mechi iko mgongoni mwako, masikio yamekusimama. Kila watu wakipiga kelele wanitazama mie kwa macho ya njaa. Nikasema, maskini kijana wa watu, hakatazwi kuniona mie. Ndipo nikaanza." Akanyanyua nyusi, akafungua mdomo, akainua mikono miwili juu, vilevile, kisha akaishusha mapajani. "Unadhani mtu mzima na akili zake anambenulia refa midomo vile? Binti yangu alikuwa anaona haya kukaa nami. Nikamwambia niache, nina mtu wangu pale chini ananitegemea."

Augustine hakuweza kuitafuna ile kashata. Aliishika tu mkononi. Miaka mitatu alidhani ameiba kitu kidogo ambacho hakuna aliyejua, kumbe alikuwa akipewa.

Alipoinua macho, yakakutana na ya Scovia. Alikuwa amesimama wima pale chini, hatingishiki, lakini macho yake yalikuwa kwao wawili, na Augustine aliyajua macho hayo vizuri. Alikuwa nayo miaka mitatu. Robo ya tatu ilipoanza na Khalfan akafunga ya pointi tatu kutoka pembeni, Augustine alimtangazia bibi kwa mdomo, na papo hapo akainua mikono yote miwili juu, macho kwa Scovia. Kona ya mdomo wa Scovia ikacheza. Akaikaza haraka.

Tangu hapo alikuwa na kazi mbili. Maneno ubavuni, uso mbele. Rafu ilipopigwa alimbenulia refa midomo mpaka mwanafunzi wa nyuma akamwuliza kama yuko sawa. Alikuwa sawa kabisa.

Sekunde kumi za mwisho, maruni nyuma kwa pointi moja, mpira kwa Khalfan. Jukwaa zima limesimama, mashabiki wa pande zote mbili wamechanganyika, wote wanapiga kelele, na kwa masikio tu usingejua nani analia na nani anacheka.

"Nambie," bibi akasema.

"Anao. Anadunda chini. Anakwenda kushoto. Wawili wamemfuata. Amepita mmoja. Anapitisha ulimi, bibi. Ameruka..."

Na hapo sauti ilikatika. Mpira ulikuwa bado hewani. Bi Riziki alisubiri, hakusikia kitu, akanyoosha mkono. Alikuwa na umri ambao mkono wa bibi hauulizwi unakwenda wapi. Kiganja kikavu kikatua shavuni mwa Augustine na kutulia hapo.

Mpira uligonga pete. Ukazunguka, ukazunguka tena, ukatoka. Kengele ikalia.

Nusura amdanganye. Midomo ilikuwa imeshafunguka kusema imeingia, angalau amwachie bibi dakika moja ya furaha kabla hajaambiwa. Lakini kiganja kilikuwa shavuni, na chini pale Scovia alikuwa ameshainamisha macho kabla hata wale wa biashara, wenye jezi za kijani, hawajaanza kurukaruka.

"Imetoka," Bi Riziki akasema.

"Imetoka, bibi."

"Mm." Hakuuondoa mkono. "Mie sikukudanganya hata siku moja. Walipofungwa mwaka juzi si nilikulilia?"

"Ulinililia."

"Basi." Kidole gumba kikampangusa chini ya jicho. "Na hii ya leo, umeiona?"

Uwanjani Khalfan alikuwa ameinama, mikono magotini, kisha akanyooka, akageukia jukwaa, akaitafuta safu ya tatu. Augustine akamtazama, namba tisa, jezi imelowa, mkono wa kushoto umeinuliwa kumsalimia bibi asiyeweza kumwona.

"Nimeiona, bibi. Nyanyua mkono, anakupungia."